TREKTA YETU NA HESABU YA DALALI



Habari imeenea kambini, kutoka laini ya juu mpaka laini ya chini, ati trekta yetu imekwisha kuuzwa. Wengine wamekwisha kuhesabu fungu lao, na wengine wamekwisha kulikopea dukani. Mtu mmoja alifika ofisini wiki iliyopita kuuliza kama atalipwa kwa simu au mkononi. Tulimuuliza, nani amekuambia imeuzwa? Akajibu, kila mtu anajua. Basi sisi wa kamiti ya shamba hatujui. Kwa kanuni za ushirika wetu mali kubwa haiuzwi mpaka mkutano mkuu umekubali, na mkutano huo haujafanyika bado. Tunaandika maneno haya mapema ili mtu asije akainua mkono siku hiyo bila kujua anainulia kitu gani.

Mambo yenyewe ni haya. Mwaka 2014 tulinunua trekta ndogo ya nguvu ya farasi 28, pamoja na rotaveta, haro na trela, kwa Sh. 980,000. Fedha hizo hazikutoka kwa tajiri, wala kwa mheshimiwa yeyote wa siasa aliyekuja kutupungia mkono. Zilitoka katika mishahara yetu, Sh. 100 kila mwezi kwa kila mwanachama, kwa muda wa miaka miwili na zaidi, na katika orodha ile akina mama wachumaji walikuwa wengi kuliko wanaume. Tulikuwa tumekodi ekari 42 kwa mzee mmoja jirani wa shamba la chai. Tulilima mahindi na maharagwe, na gunia likamfikia mwanachama kwa bei ya chini kuliko ya dukani.

Mzee akafariki. Mwaka 2023 watoto wake waligawana ardhi, nasi tukabakiwa na ekari 11. Wakati huo huo mashine za kuchuma chai zilizidi kuingia shambani kwa tajiri, na wenzetu wengi wakaandikiwa barua za kupunguzwa. Ardhi imepungua na watu wamepungua. Hapo ndipo lilipozaliwa neno hili la kwamba trekta ni kubwa mno kwetu, haina kazi, inakula nafasi, iuzwe.

Dalali naye hakuchelewa. Amekuja na Sh. 420,000 kwa vyote, trekta na vyombo vyake. Anasema mita inaonyesha masaa 2,600 na kwa hiyo mashine imechoka. Wenzetu wawili watatu waliokuwa wakimsindikiza walitikisa vichwa kama watu walio msibani.

Sisi tunasema trekta isiuzwe. Lakini hatusemi hivyo kwa sababu tunaipenda, wala kwa sababu ni fahari kupita nayo mbele ya ofisi ya tajiri. Mtu anayetaka tuiweke kwa fahari tu anatudhuru sawasawa na dalali. Tunasema isiuzwe kwa sababu hesabu iliyofanywa imefanywa kichwa chini miguu juu.

Wanasema ardhi imeondoka. Je, imeondoka kwenda wapi? Zile ekari 31 hazikuingia mtoni. Ziko pale pale, ng'ambo ya ua, zimekatwa vipande tisa. Kilicho kikubwa ni ekari sita, na kilicho kidogo ni ekari moja na nusu. Kila kipande kina mwenyewe, na kila mwenyewe anataka kipande chake kilimwe kabla ya mvua za Machi. Zamani kulikuwa na shamba moja na mkulima mmoja, yaani sisi. Sasa kuna wakulima kumi katika ardhi ile ile, na trekta inayoweza kugeuka ndani ya vipande hivyo ni moja tu, nayo ni hiyo inayotakiwa kuuzwa.

Mwenye trekta kubwa ya nguvu ya farasi 80 hapendi shamba la ekari mbili. Anataka mistari mirefu. Katika shamba dogo anamaliza dizeli yake kwa kugeuka, anavunja ua wa jirani, pembe zinabaki bila kulimwa, na mwenye shamba anamaliza pembe hizo kwa jembe huku amekwisha kulipia ekari nzima. Kwa sababu hiyo mwenye trekta kubwa huanza kwa wenye ekari 50, kisha wenye 20, na kwa mtu mdogo hufika mwisho, mara nyingi mvua imekwisha kuanza. Wanachama wenye mashamba yao nyumbani wanalijua jambo hili bila kufundishwa na gazeti. Shamba likikatwakatwa, inayokosa kazi ni trekta kubwa. Ndogo ndiyo kwanza inapata kazi.

Wala hili si jambo jipya. Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, alipotengeneza ule mfumo wake wa mikono mitatu ya kushika plau nyuma ya trekta, shabaha yake ilikuwa trekta nyepesi ifanye kazi ya trekta nzito, kwa kuyatumia mavuto ya plau yenyewe kukandamiza magurudumu ya nyuma chini. Trekta yake ndogo ya kijivu, iliyoitwa TE20, ilitengenezwa Coventry huko Uingereza tangu 1946 mpaka 1956, nazo zilitoka zaidi ya 500,000. Zilifika mpaka mashamba ya Wazungu hapa kwetu. Mwanzoni mwa 1958 Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini ya dunia kwa trekta za Ferguson zilizofungwa minyororo magurudumuni, juu ya barafu tupu. Na dalali anatuambia trekta ya masaa 2,600 haina nguvu ya kufika sokoni! Injini ya dizeli iliyobadilishiwa oili na filta kwa wakati haiishi kwa masaa hayo. Kama imechoka, yeye anainunua ya nini? Tunadhani si kwa kuweka kuku.

Sasa tuje kwenye fungu, maana hapo ndipo mioyo ya watu ilipo, na hatuwalaumu. Mtu aliyekaa miezi mitatu bila mshahara akisikia neno "gawio" masikio yake husimama. Chukua hizo Sh. 420,000. Toa deni la ushirika, Sh. 61,000. Zinabaki Sh. 359,000. Wanachama wenye hisa tuko 312. Kila mmoja atapata Sh. 1,150, na senti zinazobaki zitanunua chai ya mkutano. Sh. 1,150, ndugu zetu! Hizo ndizo unazopewa ili uache chombo ulichokilipia kwa miaka miwili.

Na baada ya kuuza, ekari zetu 11 zitalimwa na nani? Zitalimwa na trekta ile ile, ila mwenyewe atakuwa dalali. Katika hesabu hii tumeweka bei ya Sh. 3,500 kwa ekari kulima mara ya kwanza na Sh. 2,500 kupitisha haro, yaani Sh. 6,000 kwa ekari, na Sh. 66,000 kwa ekari zote 11. Kwa misimu sita na kitu tutakuwa tumemrudishia fedha zake zote alizotupa, na trekta ni yake. Wako watakaosema hata tukiiweka dizeli tutanunua. Ni kweli. Trekta yetu inatumia kama masaa manne kwa ekari kulima na kupitisha haro, na kama lita nne kwa saa. Tukiweka dizeli Sh. 180 kwa lita, ekari 11 zinakula kama Sh. 31,700. Ni nusu ya ile ya kukodi, wala si bure. Hatuwafichi.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi katika neno hili la fungu, na hapa tunaomba msome polepole. Ofisa mmoja wa tajiri alisema mbele ya mashahidi kwamba chama kina mali, kwa nini kisiuze trekta kisaidie watu wake waliopunguzwa? Maneno hayo yamesikika vizuri mpaka baadhi yetu tunayarudia kama yetu. Ndugu zetu, waliopunguzwa hawaombi msaada. Wanadai haki. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema mtu anayepunguzwa kazini lazima chama chake na ofisa wa kazi wapewe notisi mwezi mmoja kabla, na alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, mbali na siku zake za likizo na mshahara wa notisi. Mama aliyechuma chai miaka 12 anadai mshahara wa siku 180. Hiyo ni nusu mwaka! Halafu aambiwe apokee Sh. 1,150 za trekta aliyoinunua yeye mwenyewe, arudi nyumbani ameridhika?

Tunasema wazi kwamba madai hayo yako mikononi mwa sekretari wa tawi na hayaguswi na mambo ya trekta. Mtu asikubali hata kidogo kuyachanganya katika mazungumzo. Deni la tajiri halilipwi kwa mali ya mfanyi kazi.

Kijana mmoja alituuliza swali ambalo lilitunyamazisha kwa muda. Alisema, ninyi mnapiga kelele juu ya mashine za kuchuma chai, huko Kericho mwaka 2023 hasira ilifika mpaka mashine zikachomwa moto, na leo mnatetea mashine. Je, trekta haikuwaondoa watu wa majembe? Ni swali la haki, na hatutaki kumjibu kwa maneno matupu. Ndiyo, trekta iliondoa kazi ya jembe. Siku tuliponunua hii yetu, vibarua waliokuwa wakilima zile ekari 42 kwa mkono walipoteza siku zao, na baadhi yao walikuwa ndugu zetu. Tuliliona jambo hilo na tukalipita haraka mno. Tofauti tunayoiona ni moja. Mashine ya chai ikifanya kazi ya watu wengi, faida ya kazi hiyo inakwenda kwa tajiri na barua ya kufukuzwa inakuja kwetu. Trekta hii ilipofanya kazi ya watu wengi, nafuu ilirudi katika gunia la mahindi lililokuja jikoni kwetu. Chuma ni kile kile. Kinachotupasa kuuliza ni daftari limeandikwa jina la nani. Na sasa, katika mwaka ambao watu wetu wanaondolewa na mashine za wengine, tunaambiwa tuuze mashine moja tuliyo nayo!

Tumewasema dalali na ofisa wa tajiri. Sasa tujiseme wenyewe, maana wenye kutaka kuuza wana sababu moja ya kweli, nayo ni sisi.

Mwaka uliopita trekta ilisimama miezi mitano kwa ajili ya pampu ya hidroliki. Haikuwa kwamba spea haipatikani. Ilikuwa kwamba hapakuwa na senti iliyowekwa kando kwa ajili ya spea, na kila mjumbe alikuwa akimngoja mwenzake. Trela ilibeba mawe ya nyumba za watu wawili ambao hatutawataja, nao wanajijua, bila risiti. Dereva alilipwa akikumbukwa. Waya wa mita ulikatika kwa muda tusioujua, maana hakuna aliyeutazama, kwa hiyo hata hayo masaa 2,600 si hesabu kamili. Tena tulinunua plau ya sahani tatu kwa kushawishiwa, bila kumuuliza fundi. Ni nzito kwa trekta ya nguvu ya farasi 28. Ikiinuliwa, magurudumu ya mbele yanataka kuondoka ardhini. Imelala nyuma ya ghala tangu siku ya pili, na kuku wanaijua kuliko dereva.

Wazee wanakumbuka mambo ya namna hii. Baada ya Uhuru wa 1963 vyama na kampuni za wananchi vilinunua mashamba makubwa ya walowezi, na trekta zikaja pamoja na ardhi. Ardhi ikagawanywa, ikawa ya kila mtu, lakini trekta haikugawanyika, ikawa si ya mtu. Ngapi zilifia chini ya miti, huku betri imeibwa leo, na radieta kesho? Tukiiweka yetu kama tulivyoiweka mwaka uliopita, basi afadhali dalali aichukue kesho asubuhi. Hapo hatutabishana naye.

Kwa hiyo kamiti hii inaleta mbele ya mkutano maneno yafuatayo, na mtu yeyote ayapinge kwa uso.

Plau ile ya sahani tatu iuzwe. Trela la pili, lililonunuliwa baadaye na lisilo na breki, nalo liuzwe, tena kwa mtu wa mashamba tambarare, si kwa mtu wa milima hii yetu. Fedha zake zinunue pampu mpya badala ya ile iliyotengenezwa kwa kubahatisha, na tairi mbili za nyuma. Kinachobaki, kama kitabaki, kiwe mwanzo wa fungu la spea, na fungu hilo liwe na sahihi tatu.

Trekta iende kulimia majirani kwa kulipwa. Tumezungumza na wenye vipande vile tisa. Saba wamesema watatuita tukifika kwa wakati, na wawili wanangoja kuona. Tukipata ekari zote 31 kwa Sh. 6,000, zitaingia Sh. 186,000. Dizeli itakula kama Sh. 89,000. Dereva, kwa siku 21 za Sh. 1,000, ni Sh. 21,000. Zinabaki kama Sh. 76,000 kwa oili, filta, bima na fungu la spea. Tukipata zile saba tu fedha zitapungua, na tutajua. Wakati wa mavuno, ile shafti ya nyuma itazungusha mashine ya kupukuchua mahindi, ambayo tunaweza kuikodi kwanza kabla ya kufikiri kununua. Hakuna utajiri hapa. Anayewaahidi gawio kubwa kutoka kwa trekta ndogo ni ndugu yake dalali. Tunachosema ni kwamba itajilipia gharama zake, itatulimia ekari zetu 11, na vijana wawili watatu wa waliopunguzwa watapata kazi ya msimu juu yake.

Na hapo pana jambo ambalo chama cha wafanyi kazi hakiwezi kulipita. Tukimwandika dereva, sisi ndio tajiri wake. Atalipwa siku ya malipo kama sisi tunavyotaka kulipwa, kwa karatasi ya mshahara, na atakatiwa bima ya ajali kama inavyotakiwa na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007. Shafti ya nyuma itawekewa kifuniko chake, ambacho tuliking'oa wenyewe kwa uvivu. Hakuna mtoto wala mjumbe wa kamiti atakayepanda juu ya matope ya gurudumu kuomba lifti. Trekta hupinduka katika miteremko hii, na haiulizi kama uliyepanda ni mwanachama. Itakuwa aibu gani tukimshitaki tajiri wetu kwa mambo ambayo sisi tunamfanyia mtu mmoja tuliyemwandika!

Mwisho wa yote, iwekwe muda. Mita imetengenezwa, na namba itaandikwa ukutani mwa ofisi kila Jumamosi, mahali ambapo hata mtoto wa shule ataisoma. Kama katika mwaka mmoja, kuanzia mkutano huu, trekta haikufanya kazi masaa 250, au ikiwa fungu la spea halina kitu, sisi wenyewe tutaleta hoja ya kuiuza, na tutaiuza kwa mnada wa wazi, si kwa kunong'ona na mtu mmoja. Wengine ndani ya kamiti walitaka masaa 200 na wengine 300. Tulikubaliana 250 baada ya ugomvi mrefu. Mkutano unaweza kubadili.

Tunawajua wale watakaosema kwamba mwaka mmoja ni mrefu na bei itashuka. Ndiyo, itashuka kidogo. Trekta ya zaidi ya miaka kumi imekwisha kushuka sehemu kubwa ya kushuka kwake, nasi ndio tuliolipia kushuka huko. Anayenunua sasa ananunua mahali ambapo bei imekaribia kutulia, na ndiyo sababu ana haraka.

Mkutano mkuu ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, saa nane mchana, uwanja wa shule chini ya laini ya pili. Njoo na kitabu chako cha hisa. Waliopunguzwa wangali wanachama, nao wana kura kamili, kwa hiyo anayejua mwenzetu aliyerudi nyumbani amtumie habari leo. Saa sita, kabla ya mkutano, trekta itawashwa mbele ya ofisi na kila mtu anaweza kuja kutazama mita, tairi, pampu na daftari la mapato. Dalali naye anakaribishwa kusikiliza, lakini kura hana.

Kamiti ya Shamba